Unyumba ukiingia mzozo, mke aende wapi?

Ukitembea Mombasa kutoka Mwembe Tayari hadi Kongowea, tazama nguzo za stima. Zimejaa karatasi za waganga, zimebandikwa moja juu ya nyingine: kurudisha mpenzi aliyeondoka, kumtuliza mume mkali, kuongeza nguvu za kiume, kubana palipolegea. Chini pana namba ya simu. Na ndani ya simu mambo ni yale yale kwa sura nyingine. Kuna makundi ya WhatsApp ya kina mama, kiingilio hulipwa kwa M-Pesa, ambamo kungwi asiyejulikana jina wala makao hufundisha mambo ya chumbani na kuuza dawa zake kwa chupa.

Biashara hii isingeshamiri kama wateja hawapo. Wapo, na wengi wao si wasichana wanaotafuta wachumba. Ni wake za watu. Ni wanawake walioolewa kwa posa, mahari na nikaha, wenye watoto wawili au watatu, ambao ndani ya nyumba zao unyumba umegeuka kuwa maumivu, ugomvi au kimya. Hawataki talaka. Wanataka ndoa yao irudi kuwa ndoa. Swali la makala haya ni jepesi kuuliza na zito kujibu: mwanamke kama huyo, hapa Pwani, aende wapi?

Jibu langu ni kwamba jamii yetu ilitengeneza vizuri mlango wa kuingilia ndoani na mlango wa kutokea. Wa kuingilia anao somo. Wa kutokea anao kadhi. Lakini kwa miaka yote iliyo kati ya milango hiyo miwili tumewaachia wake neno moja tu, "subiri", na mume hatukumpa hata hilo.

Tuanze na somo, kwa kuwa ndiye fahari yetu. Muda mrefu kabla ya shule kuanza kuzungumzia elimu ya uzazi, bi harusi wa Kiswahili alikuwa tayari ana mtu wake wa kumfunza usafi, udi, asmini, namna ya kumpokea mume na namna ya kuutunza mwili wake. Somo hakuwa mama mzazi, na hilo lilikuwa na hekima yake: msichana aliweza kumuuliza mambo ambayo hawezi kumuuliza aliyemzaa. Jamii nyingi duniani zinazojiona zimeendelea hazikuwa na kitu kama hicho. Na mapokeo ya mwanamke kumuusia mwanamke kuhusu ndoa ni ya kale kwetu. Mwana Kupona binti Mshamu aliandika utendi wake mwaka 1858 kumuusia bintiye, na mpaka leo unasomwa na kufundishwa.

Lakini mafunzo ya somo yana mipaka mitatu ambayo hatupendi kuitaja. Kwanza, hutolewa mara moja, siku za harusi, kabla bi harusi hajajua hata anachopaswa kuuliza. Miaka saba baadaye, amezaa mara tatu, mwili umebadilika, mume amebadilika, somo ameshakufa au amehamia mji mwingine. Pili, humfunza mmoja kati ya wawili. Bwana harusi huachiwa maskani, marafiki wenye maneno mengi na, siku hizi, video za kwenye simu ambazo hazimfundishi chochote kuhusu mwanamke wa kweli. Tatu, na hili ndilo kubwa, hujengwa juu ya dhana kwamba kazi ya kupendeza ni ya mke. Basi mambo yakiharibika, mke hujiuliza amekosea wapi. Hajajipamba vya kutosha? Amenenepa? Amelegea? Ni kwa swali hili mganga wa kwenye nguzo anapata riziki yake.

Na jibu la mganga lina madhara. Utafiti wa miaka kumi uliofanywa hapa Mombasa miongoni mwa wanawake wanaofanya kazi ya ngono, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba kujiosha ndani ya uke, hasa kwa sabuni, kuliambatana na hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Uke una kinga yake ya asili. Sabuni, shabu na unga wa kubana huiondoa kinga hiyo, hukausha, huchubua, na kisha tendo lenyewe huuma zaidi. Mke aliyetaka kumrudisha mume huishia kumkimbia kwa maumivu.

Tukiondoka kwa somo twaja kwa wazee wa suluhu. Hapa dini imetupa msingi ulio wazi: Sura ya An-Nisaa, aya ya 35, inaelekeza kwamba wanandoa wakihofiwa kufarakana ateuliwe mwamuzi mmoja kutoka jamaa za mume na mmoja kutoka jamaa za mke, kwa nia ya kupatanisha. Ni utaratibu wa huruma na wa heshima. Umeokoa nyumba nyingi, hasa ugomvi unapohusu matumizi, kodi ya nyumba, mavyaa anayeingilia, au mume anayelala nje.

Sasa fikiria kikao chenyewe kilivyo. Sebuleni wamekaa ami wa mume, mjomba wa mke, pengine imamu na jirani mmoja mzee. Mke ameketi pembeni, ameinamisha kichwa. Anaulizwa, "Haya binti, mwenzio amekukosea nini?" Mwanamke huyo atasema nini mbele ya mjomba wake? Atasema kwamba tangu ajifungue anaumia kila usiku na hajasikilizwa? Atasema kwamba mumewe hajamgusa kwa mwaka mzima? Hawezi, na hatuna haki ya kumlaumu. Kwa hiyo husema kinachosemeka: "Hanipi matumizi." Wazee hulishughulikia hilo la matumizi, mume huahidi shilingi kadhaa kwa siku, hufungwa kwa fatiha, na watu hunywa kahawa. Ugonjwa wenyewe haukutajwa. Miezi mitatu baadaye kikao hurudi, na safari hii mke huonekana mkorofi asiyeridhika.

Zaidi ya hayo, suluhu kwa kawaida hupima makosa. Hutafuta nani kakosa na nani aombe radhi. Kwa madeni na matusi, kipimo hicho chafaa. Kwa unyumba hakifai sana, kwa sababu mara nyingi hakuna mkosaji. Kuna watu wawili wanaoumizana bila kukusudia, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake ndiye aliyeanza.

Mwisho wa njia yuko kadhi. Kifungu cha 170 cha Katiba kinazipa mahakama za kadhi uwezo wa kuamua mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mamlaka yake. Na sheria ya Kiislamu, tofauti na wanavyodhani wengi, haikulionea haya suala la unyumba. Mume akiapa kutomkaribia mkewe, Qur'ani imemwekea ukomo wa miezi minne: arejee au waachane. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wetu hapa Pwani, mume aliyeshindwa tangu mwanzo kumwingilia mkewe hupewa na kadhi muhula wa mwaka mmoja, na ukipita bila mabadiliko, mke ana haki ya kuomba ndoa ivunjwe. Na katika Sahihi Bukhari imo habari ya mke wa Thabit bin Qays, aliyemwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akaeleza kwamba hana lawama juu ya dini wala tabia ya mumewe, ila hawezi kuendelea kuishi naye. Hakuitwa mkorofi, wala hakuamriwa arudi akasubiri. Aliulizwa kama yuko tayari kurudisha bustani aliyopewa mahari, akakubali, na wakatenganishwa.

Kwa hiyo mlango wa kutokea upo, na wanawake wa Pwani wanaujua. Mtafiti wa Kimarekani Susan Hirsch, katika kitabu chake cha mwaka 1998 kuhusu kesi za ndoa katika mahakama za kadhi za pwani ya Kenya, alionyesha kwamba wanawake wa Kiswahili huitumia mahakama kwa ujasiri na hupata ushindi. Alionyesha vilevile kwamba namna wanavyosimulia shida zao pale mahakamani huishia kuimarisha sura ya mwanamke kuwa aliye chini ya mume. Lakini mahakama, hata ikiwa na kadhi mwema kiasi gani, kazi yake ni kutoa hukumu. Haina dawa ya kurudisha mapenzi. Mwanamke asiyetaka kuachika atakaa nje ya mlango huo miaka mingi kabla ya kubisha hodi, na siku atakayobisha, huwa ameshachoka kabisa.

Ni katika nafasi hii ya katikati ndipo ushauri nasaha wa wanandoa unapohitajika. Kabla ya kueleza unavyofanya kazi, ni vizuri kutaja mambo yanayojificha nyuma ya maneno "mke wangu hana hamu" au "mume wangu kanichoka".

Mengi ni ya mwili. Mama anayenyonyesha hushukiwa na homoni ya kike, na uke huwa mkavu. Si kwamba hampendi mumewe. Hali hiyo hurudi anapokaribia kukoma hedhi. Mshono wa uzazi ulioungwa vibaya huuma. Wapo wanawake ambao misuli ya uke hujikaza yenyewe bila hiari yao kila wanapoguswa, na hali hiyo ina jina lake na tiba yake kwa daktari na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Waliokeketwa, na katika Pwani yetu bado wapo, hasa upande wa Tana River, hubeba kovu la mwili na la moyo hadi kitandani. Kwa wanaume, kisukari na shinikizo la damu huziba mishipa midogo ya damu, na mara nyingine kulegea kwa mume ndiyo dalili ya kwanza ya kisukari ambacho hajakipima. Baadhi ya dawa za presha na za huzuni hupunguza hamu. Mume kama huyo akiona aibu huanza kurudi nyumbani usiku wa manane ili amkute mke amelala. Mke naye husema ana mwanamke nje. Wote wawili wamekosea, na kipimo cha damu cha dakika chache kingewatoa gizani.

Mengine ni ya maisha. Mume yuko Doha kwa mkataba wa miaka miwili, au mke yuko Riyadh akilea watoto wa watu. Wakikutana tena ni wageni wawili wanaotarajiwa kuwa wanandoa tangu usiku wa kwanza. Kuna nyumba ambayo chumba ni kimoja na watoto wanne wanalala nyuma ya pazia. Kuna muguka na miraa, na kuna unga, ambao umezika ndoa nyingi za Mombasa, Malindi na Lamu kabla ya kuzika watu wenyewe.

Na mengine ni ya moyo. Mwanamke aliyetukanwa mchana mbele ya mawifi hawezi kufunguka usiku kana kwamba hakuna lililotokea. Siri ya mtungi muulize kata: chumba cha kulala huonyesha yanayotendeka katika nyumba yote.

Basi mshauri wa wanandoa hufanya nini? Kwanza huwasikiliza wote wawili pamoja, kisha kila mmoja peke yake, na yanayosemwa huko hayatoki nje bila ridhaa, isipokuwa pale maisha ya mtu yako hatarini. Pili, hutenga yale ya hospitali na kuwapeleka kwa daktari. Tatu, hatafuti mkosaji. Hutafuta mzunguko unaojirudia. Hii ndiyo njia iliyoendelezwa nchini Kanada katika miaka ya 1980 na wataalamu Sue Johnson na Leslie Greenberg, inayoanzia kwenye hisia, na leo inatumika sehemu nyingi duniani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mke analalamika kwa sauti kwa sababu anahisi ameachwa. Mume akisikia sauti hunyamaza na kutoka kwenda barazani, kwa sababu anahisi ameshindwa. Akitoka, mke huhisi ameachwa zaidi, huongeza sauti. Mume huongeza kimya. Wakifika usiku, kila mmoja amelala ukingoni mwa kitanda akimsubiri mwenzake aanze. Kikao cha wazee kingemwambia mke apunguze ulimi na mume atulie nyumbani. Mshauri huwasaidia waone mzunguko huo wenyewe, hadi mke aweze kusema "naogopa umenichoka" badala ya "wewe hufai", na mume aweze kusema "nikikusikia hivyo nahisi sina thamani" badala ya kuvaa viatu.

Kuhusu mwili wenyewe, liko zoezi lililoanzishwa na Wamarekani William Masters na Virginia Johnson, waliochapisha kitabu chao kuhusu matatizo ya tendo la ndoa mwaka 1970. Wanandoa hukatazwa kwa muda kufanya tendo lenyewe. Huambiwa washikane mikono tu, kisha mgongo, kisha nywele, kila mmoja akimwambia mwenzake kinachompendeza na kinachomuumiza. Wiki kwa wiki huongezewa hatua. Msingi wake ni kuondoa hofu: mke hana tena wasiwasi kwamba kila kuguswa kutaishia kwenye maumivu, na mume hana tena mtihani wa kufaulu au kufeli. Halina uchafu ndani yake, na halihitaji dawa ya chupa. Kwa wanandoa halali, sioni kinachogongana na dini yetu.

Hapa lazima niweke onyo, tena kwa herufi nzito. Ushauri wa pamoja haufai mahali penye kipigo na vitisho. Mke anayepigwa akiketi karibu na anayempiga na kuombwa aseme ukweli, ataulipia ukweli huo wakifika nyumbani. Hata wazee wa suluhu wakumbuke hili kabla ya kuita kikao. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kuumizwa mwilini tangu wafikishe miaka 15, na asilimia 13 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Si mambo ya mbali nasi.

Sheria hapa ina pengo na ina kinga. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, iliwaacha wanandoa nje ya ulinzi wake mkuu, na hivyo mke kulazimishwa na mumewe hakukuhesabiwa kama ubakaji. Lakini Sheria ya Kulinda Watu dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015 imetaja waziwazi kwamba ukatili wa kingono ndani ya ndoa ni dhuluma, na mahakama inaweza kutoa amri ya kumlinda mke. Aliye katika hali hiyo hahitaji zoezi la kushikana mikono. Ahitaji usalama kwanza. Namba 1195 hupigwa bila malipo, na Hospitali Kuu ya Pwani, tunayoiita Makadara, ina kituo cha kuwahudumia waliodhulumiwa. Usalama ukipatikana, ushauri wake uwe wa peke yake. Kwa mume wa unga ni hivyo hivyo: aanze na matibabu ya uraibu. Kliniki ya methadone ilifunguliwa Malindi mwaka 2015, na mlango huo ndio wa kwanza kwake, kabla ya mlango wa mshauri wa ndoa.

Najua pingamizi zitakazokuja. Ya kwanza ni siri. Wengi watasema mambo ya nyumba hayatolewi nje. Kweli, dini imekataza mume na mke kutangaza ya chumbani kwao. Lakini kutangaza ni jambo moja na kutafuta tiba ni jambo jingine; mgonjwa hufunua mbele ya daktari kile asichokifunua sokoni. Wahenga walishasema mficha uchi hazai. Na tuwe wakweli: siri hizi tayari zimetoka. Zimo kwenye makundi ya WhatsApp yenye watu mia mbili, na mmoja akipiga picha ya skrini zinafika Bondeni kabla ya magharibi. Mshauri aliyesajiliwa anafungwa na maadili ya kazi yake. Kungwi wa simuni hafungwi na lolote.

Ya pili ni kwamba haya ni mambo ya wazungu. Hapa nakumbusha habari nyingine iliyomo katika Sahihi Bukhari. Salman al-Farsi alimtembelea ndugu yake katika dini, Abu Dardaa, akamkuta mkewe amejiachia, hana pambo. Alipomuuliza, mke akajibu kwa stara kwamba nduguyo hana haja na dunia. Salman akaelewa. Hakumwambia mke asubiri, wala hakumwambia ajipambe. Alimgeukia mume, akalala pale, akamzuia kusimama usiku kucha katika ibada, akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na mkewe ana haki. Kesi ilipofika kwa Mtume, alisema Salman amesema kweli. Yote tunayoyaita ushauri wa wanandoa yamo humo: mtu wa tatu mwaminifu, swali lililoulizwa kwa adabu, mke aliyesikilizwa bila kulazimishwa kufafanua, na mume aliyeelekezwa bila kudhalilishwa.

Ya tatu ni gharama, na hii ni pingamizi ya kweli. Kikao cha mshauri wa binafsi mjini ni pesa ambazo muuza viazi karai hana. Kwa hiyo jambo hili lisiachiwe mfuko wa mtu mmoja mmoja. Yako mambo manne yanayowezekana bila kujenga jumba jipya.

La kwanza, kila ofisi ya kadhi iwe na mshauri wa kike wa kuonana na mke faraghani kabla kikao cha suluhu hakijaitishwa. Idara ya mahakama imekwisha kukubali usuluhishi nje ya kesi tangu mradi wake ulioanza Nairobi mwaka 2016. Kilichobaki ni kuuleta katika ndoa zetu kwa namna inayowasikiliza wanawake.

La pili, kliniki za mama na mtoto za kaunti ziulize. Mama akija wiki ya sita baada ya kujifungua, mtoto hupimwa kilo na kuchanjwa. Muuguzi aongeze swali moja: "Na wewe, mambo ya nyumbani yanakuuma?" Wengi watajibu, kwa kuwa ni mara ya kwanza kuulizwa.

La tatu, misikiti na makanisa yamfunze bwana harusi. Tunaye somo wa mke. Tutafute somo wa mume, mtu mzima mwenye ndoa yake, amweleze kijana kwamba mwili wa mwanamke hubadilika, kwamba maneno ya mchana huhesabiwa usiku, na kwamba kupima sukari si aibu.

La nne, masomo wenyewe wasitupwe. Wapewe mafunzo ya afya, wajue dalili za kumpeleka mtu hospitali, na warudi kwa mwali wao baada ya mwaka, na baada ya kila mtoto. Hakuna mshauri wa ofisini atakayeaminiwa Mji wa Kale au Lamu haraka kama bibi anayejulikana mtaani.

Kwa mke anayesoma haya leo, usingoje kaunti wala mahakama. Kama unaumia, anza hospitali, umwone daktari wa kina mama, useme neno "naumia" bila kulifunika kwa jingine. Kama unapigwa, anza na usalama wako. Kama ni kimya na ugomvi, tafuta mshauri nasaha. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inamtaka awe amesajiliwa, kwa hiyo una haki ya kumuuliza cheti chake kabla hujamweleza neno. Mume akikataa kwenda, nenda peke yako; kuujua mzunguko wenu ni nusu ya kuukata.

Na kwa mume: mkeo akikuambia kitandani mambo si sawa, hajakuvunjia heshima. Amekuambia wewe kabla ya kumwambia mjomba, kadhi au mganga. Mpe nafasi amalize kusema, kisha nendeni pamoja mkatafute msaada.